Maji ya majani na kutu ya Mombasa: yatumie ndani ya asidi, usiyapake getini

Swali linalonifikia sana karakanani siku hizi ni hili: "Fundi, nasikia mwarobaini wazuia kutu. Nipake geti?" Mwingine ameona video ya mlonge, mwingine ya maganda ya ndizi. Kuna kijana wa chuo alikuja na chupa ya maji ya hina akitaka tuyachanganye na rangi ya mafuta. Jibu lake halitoshi kwenye simu, kwa hivyo naliandika hapa, anayeuliza tena nimtumie alisome.

Ndiyo, maji ya majani yanazuia kutu. Si porojo za mitandaoni. Watafiti wa India, Nigeria, Moroko, Malaysia na kwingineko wameandika makala chungu nzima juu ya jambo hili. Ila zisome makala hizo hadi pale wanapoeleza walivyopima. Nyingi zilipima ndani ya asidi, juu ya kipande cha chuma kilichosuguliwa kikang'aa, kwa saa chache au siku chache. Geti lako la Nyali halimo ndani ya asidi, halijasuguliwa, na litasimama nje miaka. Watu huichukua asilimia 90 ya ulinzi iliyopimwa maabara wakaibandika kwenye upepo wa kusi, kisha mvua za Mei zikija wanasema wametapeliwa.

Ushauri wangu basi ni kwamba maji ya majani yana kazi moja kubwa, ndani ya asidi ya kusafishia chuma, na kazi moja ndogo, chini ya rangi. Nje ya hizo mbili, nunua praima nzuri, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ulale usingizi.

Kutu ya huku pwani

Kutu ni umeme. Chuma kikilowa, sehemu moja ya uso wake hutoa elektroni na kuyeyuka, na sehemu nyingine iliyo kando kidogo hupokea elektroni hizo kwa kusaidiwa na oksijeni iliyomo majini. Maji matupu hupitisha umeme huo kwa shida. Maji ya chumvi huupitisha kwa raha, na juu ya hayo kloraidi iliyo katika chumvi hupenya ule utando mwembamba wa oksaidi ambao ungekilinda chuma, ikachimba vishimo.

Kisha kuna jambo ambalo hata mafundi wenzangu wengi hawalizingatii. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji hewani hadi ikayeyuka yenyewe pale unyevu unapofika kama asilimia 75. Usiku wa Mombasa hupita hapo mara nyingi. Na chumvi ya bahari si hiyo peke yake. Ndani yake mna pia kloraidi ya magnesi, ambayo hulowa hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Kwa hivyo grili iliyoshika chumvi ya bahari haikauki kabisa, hata saa saba mchana unapoigusa ukaiona kavu na moto. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 hupanga hewa kwa ukali wake kwa chuma. Katika daraja la C5, ambalo pwani zenye chumvi nyingi huangukia, chuma kisichopakwa hupoteza milimita 0.08 hadi 0.2 mwaka wa kwanza. Bamba la mageti mengi ya mjini ni kama milimita 1.2. Piga hesabu mwenyewe, na ukumbuke kwamba bamba lina pande mbili.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza ninaompa mtu hauhusu dawa yoyote: osha magrili yako kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mara kwa mara, hasa wakati wa kaskazi ambapo mvua ni haba na chumvi hurundikana. Maji baridi ya mfereji, narudia. Visima vyetu vingi vya kisiwani vina chumvi, na kuosha chuma kwa maji ya kisima ni kukiongezea maradhi.

Majani yanafanya nini

Ndani ya majani, magome na maganda mna molekuli kubwa: tanini, flavonoidi, alkaloidi, saponini. Nyingi kati ya hizo zina atomi za oksijeni, nitrojeni au salfa, na pete za kaboni zenye elektroni za kugawa. Chuma kitupu kina nafasi ya kuzipokea. Molekuli hujibandika usoni pa chuma na kufunika pale ambapo asidi ingeuma.

Ifikirie feri ya Likoni asubuhi. Ikiwa tupu, kila abiria anayeingia anajaza nafasi. Ikishajaa, wakija mia wengine langoni hawabadilishi kitu. Uso wa chuma ni hivyo hivyo. Irving Langmuir, mwanakemia wa Marekani aliyepata Nobel mwaka 1932, aliiwekea hesabu tabia hii mwaka 1918, na watafiti wa majani bado wanapima matokeo yao kwa mlinganyo wake. Kwa fundi maana yake ni kwamba kuzidisha majani mara tatu hakuzidishi ulinzi mara tatu. Katika tafiti nyingi ulinzi hufikia kilele kati ya gramu 0.2 na gramu 1 ya dondoo kavu, yaani kile kinachobaki maji ya majani yakikaushwa, kwa lita ya asidi. Ukipita hapo unatupa majani.

Tena molekuli nyingi za mimea hazijafungwa sana na chuma, zimevutwa tu na chaji. Joto likipanda zinabanduka. Ukisoma kwamba dondoo fulani imezuia kwa asilimia 90 kwenye nyuzi 30, tazama jedwali la nyuzi 60 kabla hujafurahi. Mara nyingi hesabu imeshashuka sana. Kwa sababu hii asidi ya sulfuriki, ambayo viwandani hupashwa moto ndipo isafishe, huwapa majani kazi ngumu. Asidi ya hidrokloriki husafisha vizuri bila kupashwa, na hiyo ndiyo inayoelewana na majani.

Sasa rudi kwenye geti. Kwenye vipimo vya maabara asidi imekwisha kuondoa oksaidi yote, kwa hivyo molekuli inakaa juu ya chuma chenyewe. Getini chuma kimefunikwa na oksaidi na kutu, molekuli haina pa kushika vizuri. Mvua moja inaiosha. Jua linaivunja. Na kwa kuwa ni kitu cha mmea, kuvu na bakteria hukiona chakula. Sifa ile ile inayofanya dondoo iwe rafiki wa mazingira, yaani kuoza upesi, ndiyo inayoifanya isifae kukaa nje miezi.

Mbona basi tujisumbue nayo? Kwa sababu vizuia kutu vya zamani vina madhara. Kromati zilipendwa sana katika praima na katika maji ya kupoza mitambo, hadi ikathibitika kwamba kromiamu ya aina hiyo inaleta saratani. Ndani ya asidi zenyewe hutumika kemikali kama pombe ya propajili, ambayo ni sumu ya kuvuta na ya kugusa ngozi. Karakana zetu nyingi za Changamwe, Jomvu na Mikindani ziko juu ya mteremko, na mitaro yake inakwenda moja kwa moja kwenye mikoko ya Port Reitz na Tudor. Unachomimina leo kesho kiko kwa kaa.

Pipa la asidi

Mzee mmoja, nahodha wa Mtongwe, aliniletea nanga iliyovimba kutu hadi pete yake haizunguki. Aliponiona namimina maji meusi ya chai ndani ya pipa akacheka. "Mwanangu, wapika chai ama wasafisha nanga?" Nikamjibu, "Vyote, ami, ila hii usinywe." Baadaye akanieleza kwamba babake alikuwa akichemsha magome ya mkandaa, aina ya mkoko, na kutia nyavu na matanga humo, yawe mekundu, yasioze upesi. Tanini ile ile, kazi nyingine. Wazee walikuwa na dawa ya kila kitu cha chombo: sifa, yaani mafuta ya ini la papa, kwa mbao, shahamu kwa chini ya chombo.

Faida ya majani ndani ya asidi inaeleweka ukijua kwamba asidi inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inayeyusha kutu, hiyo ndiyo unayoitaka. Na ikishafika kwenye chuma safi inakila chuma na kutoa mapovu ya hidrojeni, hiyo huitaki. Nanga haina kutu sawa kila mahali, kwa hivyo unapongoja upande mchafu usafike, upande uliosafika unaliwa. Dondoo hujibandika kwenye chuma kitupu na kuiacha kutu iyeyuke. Unabaki na chuma chako, asidi inadumu zaidi, na mvuke unaokukereketa koo unapungua kwa kuwa mapovu ndiyo yanayorusha matone ya asidi hewani.

Mimi hutumia asidi ya hidrokloriki ya dukani ambayo lebo yake inasema asilimia 30 hadi 33, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji. Hiyo inakaribia nguvu ambayo tafiti nyingi zimepimia. Asidi isiyo na lebo siinunui. Zinazouzwa kwenye chupa za soda zimeshachanganywa maji na hakuna anayejua kiasi gani. Mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Vaa glavu za mpira na miwani ya kinga, fanya kazi penye upepo, pipa liwe la plastiki, na asiwepo anayechomelea wala anayevuta sigara karibu, maana hidrojeni inashika moto. Wala usilete Jik, dawa ya kung'arisha nguo, karibu na pipa hilo. Asidi na Jik zikikutana hutoa gesi ya klorini, na hiyo imepeleka watu hospitali kutoka vyoo vya majumbani tu, sembuse karakana.

Dondoo yenyewe ni rahisi. Chukua gramu 100 za majani makavu yaliyosagwa, au machicha ya chai yaliyoanikwa, chemsha katika lita moja ya maji kwa nusu saa, acha yapoe, chuja kwa kitambaa kizito mara mbili. Ili ujue una nini, pima mililita 100 za maji hayo, yakaushe kwenye sahani juu ya moto mdogo, pima mabaki. Yakiwa gramu 1, basi lita yako ina gramu 10 za dondoo, na mililita 100 kwa kila lita ya asidi iliyokwisha kuchanganywa zinatosha. Mtu asiyepima mabaki anabahatisha tu, kwa sababu majani ya msimu wa mvua na ya kiangazi hayatoi sawa.

Jicho lako ndilo kipimo cha kwanza. Tumbukiza msumari safi katika asidi tupu na mwingine katika asidi yenye dondoo. Penye asidi tupu mapovu yanapanda mfululizo. Penye dondoo nzuri yanakuwa machache, mengine yanang'ang'ania tu kwenye msumari. Kama huoni tofauti, dondoo yako ni maji ya rangi.

Chuma kikitoka pipani, kioshe kwa maji baridi, kitie katika maji ya magadi ili asidi iliyobaki ife, kioshe tena, kikaushe hapo hapo kwa kitambaa na upepo wa kompresa. Kisha praima, siku hiyo hiyo, tena mapema. Chuma kitupu hapa Mombasa huanza kuona wekundu kabla ya jioni, na usijidanganye kwamba utando wa majani bado unakilinda. Ulishaoshwa.

Kuna vyuma ambavyo sivitii asidini hata kwa dondoo nzuri namna gani: springi, boliti ngumu za gari, minyororo ya kunyanyulia mizigo. Hidrojeni ikiingia ndani ya chuma kigumu cha namna hiyo hukifanya kiwe chepesi kuvunjika, tena bila kuonyesha dalili. Mabati pia hapana, asidi inakula zinki kwanza.

Asilimia zinavyodanganya

Ukitaka kulinganisha mimea kwa haki, pima uzito. Kata vipande sawa kutoka bamba moja, visugue kwa msasa hadi vilingane, vioshe kwa sabuni, vikaushe kwa spiriti, vipime. Mizani ya sonara inatosha kwa kuanzia, na Mombasa haina uhaba wa masonara. Mwombe kwa adabu, vipande viwe safi. Vining'inize kwa mshipi wa kuvulia ndani ya chupa, kimoja kwenye asidi tupu, kimoja kwenye asidi na dondoo, saa 24. Vitoe, visugue kwa brashi laini, kausha, pima tena.

Tuseme kipande chako ni sentimita 5 kwa 2, unene milimita 1. Eneo lake ukihesabu na kingo ni sentimita za mraba 21.4. Kilichokaa kwenye asidi tupu kimepoteza miligramu 300, chenye dondoo kimepoteza 45. Toa 45 katika 300, gawanya kwa 300: asilimia 85. Hapo watu wengi wangepiga picha na kurusha mtandaoni.

Lakini endelea. Zidisha miligramu zilizopotea kwa 87.6, namba ya kugeuza vipimo kuwa milimita kwa mwaka, gawanya kwa ujazo-uzito wa chuma, 7.85, mara eneo, mara saa. Asidi tupu inakula milimita 6.5 kwa mwaka. Yenye dondoo inakula karibu milimita 1 kwa mwaka. Asilimia 85, na bado ungepoteza geti zima! Kwa nanga inayokaa pipani saa chache hiyo ni kinga tosha. Kwa kitu cha kukaa mwaka ni maangamizi. Mtu akikuuzia asilimia, muulize ni asilimia ya nini, kwenye maji gani, kwa muda gani.

Juu ya mmea upi, nina upendeleo wangu na siuombei radhi. Machicha ya chai ndiyo ninayoyatumia zaidi. Hayana gharama, kila hoteli ya mtaa inayatupa, na mji huu ndiko uliko mnada mkubwa wa chai ya Afrika Mashariki, chai haitaisha. Majani ya mwembe na ya mpera yanafanya vizuri vile vile; okota yaliyoanguka. Mwarobaini unafaa, nao umepimwa sana na watafiti, ila maji yake yana povu na harufu inayokaa kwenye nguo. Hina pia imeonyesha nguvu katika tafiti nyingi, lakini kilo ya hina nzuri pale Marikiti ina wenyewe wanaoingoja kwa ajili ya harusi, sioni sababu ya kuipeleka kwenye pipa la asidi. Makumbi ya nazi yana tanini, ila yanataka kuchemshwa muda mrefu. Gome la mkoko lina tanini kuliko vyote nilivyotaja, na nakusihi uliache. Ukiumenya mti gome umeuua, na kukata mikoko bila kibali cha Huduma ya Misitu ni kosa. Haina maana kuiokoa bahari isipate kromati huku unaitoa ngozi.

Dondoo ya maji haikai. Kwa joto letu, siku ya tatu imeanza kunuka uchachu. Chemsha ya kutumia, au ikaushe kabisa iwe unga, uuweke kwenye chupa kavu iliyofungwa.

Chini ya rangi

Hii ndiyo ile kazi ndogo. Tone la chai kali likianguka juu ya kutu hugeuka jeusi lenye ubuluu. Tanini imeshikana na ayoni za chuma ikawa tanati ya chuma, kemia ile ile iliyotengeneza wino wa zamani wa kuandikia. Dawa za madukani zinazogeuza kutu kuwa nyeusi nyingi zinategemea tanini pamoja na asidi ya fosforiki.

Kwa grili ambayo huwezi kuing'oa kuipeleka pipani, unaweza kufanya hivi. Osha chumvi kwa maji baridi, tena na tena, hili ndilo muhimu kuliko yote yanayofuata. Sugua kutu inayobanduka kwa brashi ya waya hadi ibaki ile iliyoshika tu. Acha ikauke. Paka chai iliyochemshwa hadi ikawa nzito, mikono miwili mitatu, ukiacha ikauke kila mara. Itakuwa nyeusi. Kisha praima na rangi juu. Kwa kutu nyepesi inasaidia rangi kushika. Kwa kutu nene nunua dawa ya dukani yenye fosforiki, chai peke yake haifiki chini. Na weusi ule usikupumbaze: ukiuacha bila rangi, msimu mmoja wa mvua utauona wekundu ukichungulia.

Mwanzo nilimtaja kijana aliyetaka kumimina dondoo ndani ya rangi. Usifanye hivyo. Maji na rangi ya mafuta hayaelewani, na dondoo ya maji ndani ya rangi huacha mapengo ambamo unyevu unaingia.

Kuna maswali mengine mawili yanayorudi rudi. La kwanza ni zege: je, tuweke maji ya mlonge kwenye zege tulinde nondo? Wapo watafiti wanaojaribu, kwa vipimo vyao na mashine zao. Wewe wa kujenga nyumba Kisauni usijaribu. Majani yana sukari, na sukari kidogo tu huchelewesha saruji kuganda. Nondo inalindwa na ualkali wa zege lenyewe, yaani kinyume cha asidi, pH yake hupita 12, mradi chumvi isiifikie. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hata mara sita, ndiyo maana nguzo za nyumba za ufuoni hupasuka na kumwaga plasta. Tumia mchanga usio na chumvi, maji baridi, na hakikisha nondo imefunikwa na zege la kutosha kila upande. La pili ni madereva wa malori wa Miritini wanaotaka kutia chai kwenye radieta. Ni kweli tanini zilitumika zamani kutibu maji ya boila. Radieta ya leo ina alumini, ina mpira, ina joto la kupita nyuzi 80. Tia kipozeo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Maji yaliyokwisha kutumika

Hapa ndipo habari ya urafiki na mazingira hupimwa kweli, maana dondoo ikiwa ya majani lakini asidi iliyojaa chuma ikamwagwa mtaroni, hujafanya kitu. Asidi ikichoka, yaani kutu haiyeyuki tena kwa upesi, itie chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mti. Itachemka na kutoa povu ikiwa chokaa yako ina mawe ya matumbawe ndani yake, kwa hivyo usijaze pipa. Itageuka nyeusi kama wino, usishtuke, ni tanini na chuma vinashikana asidi inapopungua. Pima kwa karatasi za pH hadi ifike 7 au 8. Iache itulie usiku mzima, tope litakaa chini. Kanuni za ubora wa maji zilizo chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, zinahusu karakana ndogo kama zinavyohusu viwanda, kwa hivyo tope likaushe, litie guniani, ulikabidhi kwa mwenye leseni ya kubeba taka za viwandani. Maji yaliyobaki juu hayana asidi tena, lakini yamejaa kloraidi ya kalsiamu, ambayo huvuta unyevu upesi kuliko chumvi ya mezani. Usimwagie miti, na usiyaache yatapakae sakafuni mwa karakana, la sivyo vyuma ulivyovisafisha jana vitalala juu yake vikinywa maji usiku kucha.